Bahari Ipi? Istilahi ya 'Usawa wa Bahari' na Vipimo vya Mwinuko

Aliyepitia shule ya msingi nchini Kenya aghalabu amekariri kwamba kilele cha Mlima Kenya kina mita 5,199 kutoka usawa wa bahari. Ni nadra kumpata aliyeuliza: bahari ipi, na ya mwaka gani? Makala haya yananuia kulijibu swali hilo na kuonyesha kwa nini kupanda kwa maji ya bahari kumelitoa darasani na kulifikisha kwa wapima ardhi, wanasheria na wakazi wa pwani. Sisi tunaoshughulika na istilahi tuna fungu letu pia katika jambo hili.

Tuanze na neno lenyewe. 'Usawa' hubeba dhana ya kitu kilichotulia. Fundi mwashi hutumia pimamaji kwa sababu maji yakiachwa chomboni hujitandaza sawasawa. Lakini bahari si maji ya karai. Mvuvi wa Lamu au Vanga anajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kwamba wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti huwa kubwa. Na kwamba siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua. Huko Mombasa, kimo cha maji kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupishana kwa zaidi ya mita 3. Juu ya hayo huja pepo za kaskazi na kusi, kani ya hewa na joto la maji yenyewe. Kwa hakika, bahari haikai katika usawa wake hata kwa saa moja.

Usawa huo basi hutengenezwa. Kipimio husimikwa gatini, kimo cha maji kikaandikwa mfululizo kwa miaka, kisha wastani ukapigwa. Muda unaopendelewa ni miaka 19, kwa kuwa njia ya mwezi huchukua takriban miaka 18.6 kukamilisha mzunguko unaoathiri kujaa na kupwa. Wastani ukishapatikana, huhusishwa na alama ya kudumu iliyotiwa kwenye jiwe au ukuta karibu na hapo. Kutoka kwenye alama hiyo wapima ardhi huanza safari ya bara, wakisoma tofauti ya kimo hatua kwa hatua, hadi milimani. Siku alama inapofungwa, bahari huachwa iende zake. Kinachobaki ni kumbukumbu ya bahari ya miaka fulani.

Mfano ulio wazi ni Newlyn, bandari ya wavuvi katika jimbo la Cornwall, Uingereza. Maji yake yalipimwa kuanzia tarehe 1 Mei 1915 hadi tarehe 30 Aprili 1921, na wastani wa miaka hiyo sita ndio uliofanywa sifuri ya ramani za nchi kavu ya Uingereza, Wales na Uskoti. Sifuri hiyo haijabadilishwa hadi leo, ilhali wastani wa bahari pale Newlyn umepanda kwa takriban sentimita 20. Ramani ikisema sakafu ya nyumba fulani ya hapo ina mwinuko wa mita 3, sakafu hiyo sasa iko kama mita 2.8 tu juu ya wastani wa bahari inayopiga mawimbi nje. Ramani haikukosea. Anayekosea ni msomaji anayedhani kwamba 'bahari' ya ramani ndiyo ile anayoiona dirishani.

Newlyn haiko peke yake. Kwa mujibu wa ripoti ya jopo la kimataifa la tabianchi ya mwaka 2021, wastani wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi katika miaka ya 2006 hadi 2018 ilifikia milimita 3.7 kwa mwaka.

Mtu atauliza: kwa nini sifuri isisogezwe? Sababu ni kwamba kila daraja, mfereji, bomba la majitaka na ramani ya mji imeandikwa kwa sifuri ile ile, na kuisogeza ni kuvuruga hesabu zote kwa pamoja. Isitoshe, sifuri isiyosogea ina faida yake. Mji wa Venice, Italia, hadi sasa hupima mafuriko yake kutoka wastani wa bahari wa mwaka 1897. Mafuriko ya tarehe 4 Novemba 1966 yalifikia sentimita 194, na yale ya tarehe 12 Novemba 2019 sentimita 187, yote kwa sifuri hiyo moja. Wastani wa maji mjini humo sasa uko zaidi ya sentimita 30 juu ya sifuri yake. Sehemu ya ongezeko hilo imeletwa na bahari, na sehemu na ardhi inayodidimia. Kama sifuri ingesogezwa kila mara, nani angeliona ongezeko lenyewe?

Mabaharia, kwa upande wao, hawawezi kuridhika na kumbukumbu. Chati zao hupima kina kutoka kwenye maji ya kupwa ya chini kabisa, ili chombo kisikwame mwambani, na huko Marekani wastani wa maji hukokotolewa upya kila baada ya miongo miwili hivi; uliotumika kwa muda mrefu ni ule wa 1983 hadi 2001. Hivyo ramani ya nchi kavu na chati ya bahari zinaweza kukutana ufuoni zikiwa na sifuri mbili zilizoachana kwa mita kadhaa.

Hata sifuri za nchi jirani hazilingani. Ujerumani ilitegemea bahari ya Amsterdam na Uswisi bahari ya Marseille, na tofauti yake ni sentimita 27. Wahandisi wa daraja la Laufenburg waliijua tofauti hiyo, lakini mwaka 2003 iligunduliwa kwamba walikuwa wameijumlisha mahali pa kuitoa. Pande mbili za daraja zikapishana kwa sentimita 54.

Kutokana na shida hizi, baadhi ya nchi zimeacha kuitegemea bahari. Mwaka 2013 Kanada ilianza kutumia jioidi, yaani uso unaokokotolewa kwa nguvu za uvutano wa dunia, ambao maji yangeufuata lau yangetulia kabisa bila upepo wala mikondo. Uso huu hauna ubapa wa meza. Kusini mwa Sri Lanka umebonyea kwa zaidi ya mita 100 ukilinganishwa na umbo sanifu la dunia linalotumiwa na vyombo vya setilaiti. Pana haja, kwa hivyo, ya kutenga dhana tatu ambazo vitabu vyetu huzichanganya: 'usawa wa wastani wa bahari' uwe kile kinachopimwa bandarini katika miaka inayotajwa, 'kianzio cha mwinuko' iwe sifuri iliyofungwa, na 'jioidi' ibaki jioidi.

Mchanganyo huu una gharama kwetu. Mwinuko nchini Kenya ulianzia kwenye wastani wa bahari ya Mombasa, bandarini Kilindini, tangu enzi ya ukoloni. Nayo Katiba ya 2010, ibara ya 62, huihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama za maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Tuchukue ufuo unaoinuka mita 1 kwa kila mita 50 za kwenda bara. Maji yakipanda sentimita 20, alama ya maji kujaa husogea mita 10 kuelekea bara. Mpaka uliochorwa kwa mwinuko wa kianzio cha zamani hubaki pale pale kwenye karatasi. Palipo na ukuta wa hoteli uliojengwa juu ya mpaka huo, maji hayana pa kusogea, na ukanda wa umma huliwa kutoka upande wa bahari. Wa kwanza kuligundua hilo huwa ni mvuvi, siku ya bamvua, anapotaka kupita na nyavu zake kwenda dikoni na kukuta maji yamefika ukutani.