Mtu na Jamii: Hatia ni ya Nani?

Utangulizi

Kijana anapokamatwa akiiba, au msichana anapoacha shule, au mwanafunzi anaposhindwa mtihani, swali la kwanza linaloulizwa katika vijiji vyetu ni hili: kosa ni la nani? Majibu huwa mawili. Wako wasemao kwamba kosa ni la mtu mwenyewe. Alipewa akili na mikono kama wenzake, akachagua njia mbaya, na msiba wa kujitakia hauna kilio. Wako wengine wasemao kwamba kosa ni la jamii. Mtoto hakujilea mwenyewe, na mkono mmoja haulei mwana. Methali zote mbili ni zetu, na hutumiwa na watu wale wale, kutegemea mkosaji ni mtoto wa nani. Akikosa wa jirani tunakumbuka ile ya kwanza; akikosa wa kwetu tunakumbuka ya pili.

Makala haya yanakusudia kueleza uhusiano uliopo kati ya mtu binafsi na jamii yake, ili tusiendelee kuchagua methali kwa upendeleo. Tutatazama mambo manne: uhalifu, fasihi, muziki na elimu. Na ili maelezo yetu yasielee hewani, tutaanzia mahali panapojulikana, yaani Iyula.

Mkulima wa Iyula hayuko peke yake

Iyula ni kata mojawapo ya Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe, ambao ulitengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Wenyeji wa asili wa sehemu hii ni Wanyiha. Kwa chakula wananchi hulima mahindi na maharage. Kwa fedha hutegemea zaidi kahawa ya arabika.

Kwa kutazama haraka, mkulima wa kahawa ni mfano kamili wa mtu anayejitegemea. Shamba ni lake na jembe ni lake. Miche huihudumia kama miaka mitatu kabla haijamlipa cho chote. Lakini bei ya kahawa yake haipangi yeye. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukizigawia nchi kiasi cha kahawa ya kuuza ulivunjika, na bei ikaporomoka dunia nzima. Hakuna mkulima wa Mbozi aliyeshirikishwa katika uamuzi huo, wala hakuna aliyeacha kupalilia kwa sababu yake. Hata hivyo, kikapu kile kile cha kahawa kikawa hakinunui tena vitu vile vile. Kwa hiyo jasho ni la mtu mmoja, lakini thamani ya jasho hilo huamuliwa na mahusiano ya watu wengi.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme yuko mzazi ambaye mwezi wa Januari anahitaji sare, madaftari na nauli ya mtoto anayeingia kidato cha kwanza. Kahawa bado haijaiva. Anakuja mfanyabiashara na kununua kahawa ingali mtini, kwa bei ndogo sana. Biashara ya namna hii inajulikana katika nchi yetu. Wenzetu wa Kagera huiita butura. Msimu wa kuchuma unapofika mzazi anachuma mali ambayo si yake tena. Mwaka wa pili deni linazaa deni. Mtoto wake wa kiume, aliyekwisha kuacha shule, anaingia usiku katika shamba la jirani na kuchuma kahawa mbivu.

Kosa ni la nani? Kijana ameiba, na jirani yake amepoteza jasho la mwaka mzima. Hilo ni kosa lake na hapana budi alijibu. Lakini tukimwadhibu kijana na kumwacha mnunuzi wa kahawa mtini aendelee na ziara zake kila Januari, tutakuwa tumemkamata mwizi mmoja na kuacha mlango wazi kwa wa pili.

Uhalifu: mkono mmoja, mikono mingi

Sehemu hii ya nchi inalo fundisho zito. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Mbozi, ulikumbwa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi. Baadaye, kuanzia mwaka 2007 hivi, nchi nzima ilitikiswa na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino.

Mauaji haya hayawezi kuelezwa kwa kumtaja mwuaji peke yake. Aliyeshika kisu alikuwa ametumwa. Aliyemtuma alikuwa na mteja. Mteja alitaka utajiri usiotokana na kazi, na mganga alimhakikishia kwamba upo. Pembeni walikuwapo majirani waliosikia minong'ono wakanyamaza. Hapo binadamu aligeuzwa bidhaa, na bidhaa haiwi bidhaa kwa nia ya mtu mmoja. Huhitaji mwuzaji, mnunuzi na imani inayowaunganisha.

Lakini tuwe waangalifu. Kusema kwamba jamii ina sehemu yake si kumwondolea mwuaji hatia. Katika vijiji vile vile, chini ya umaskini ule ule na uvumi ule ule, walikuwapo maelfu ya vijana waliokataa kushika kisu. Hali ya maisha humsukuma mtu, haimfungi mikono.

Tena jamii yenyewe yaweza kuwa mhalifu. Mwizi anapopigwa mpaka kufa, au bibi kizee anapouawa kwa kudhaniwa mchawi, magazeti huandika kwamba ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Tuyapime maneno hayo. Hasira haina mikono. Aliyerusha jiwe ana jina, aliyeleta petroli ana jina, na aliyepiga yowe anajulikana nyumba yake. Mtu mmoja akikosa, tunasahau jamii. Jamii ikikosa, tunawaficha watu mmoja mmoja ndani yake. Makosa haya mawili ni ndugu, maana yote humaliza uchunguzi kabla haujaanza.

Fasihi: mahakama isiyofunga kesi

Waandishi wetu wameliona swali hili mapema. Shaaban Robert, katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, alimweka Karama kizimbani mbele ya wakubwa wa nchi kwa sababu ya kutaka watu wafundishwe sheria. Hapo mtu mmoja ndiye mwenye haki, na wenye mamlaka juu ya jamii ndio wenye makosa. Fundisho lake ni kwamba wingi wa watu si ushahidi wa ukweli. Jamii isiyomsikiliza Karama wake hujinyima dawa.

Miaka 20 baadaye, yaani 1971, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Rosa Mistika. Rosa ni binti anayelelewa na baba mkali, mpenda pombe, anayedhani kwamba kumfungia mtoto ndiyo kumlea. Anapofika mbali na macho ya baba, binti huyo hana kinga yo yote, kwa sababu hakuwahi kufundishwa kujiamulia. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni. Hata hivyo, swali lake lilibaki: aliyeanguka ni Rosa, lakini ni nani aliyemfundisha kutembea? Mwandishi huyo huyo, katika Dunia Uwanja wa Fujo cha mwaka 1975, alimleta Tumaini, mtu anayejenga maisha juu ya mali yake mwenyewe na kuishia kuhukumiwa kifo baada ya kugongana na mabadiliko ya jamii.

Faida ya vitabu hivi ni kwamba hutuonyesha mambo ambayo mahakama haina nafasi ya kuyaona. Hakimu huuliza: ulifanya au hukufanya? Riwaya huuliza: ulifikaje hapo? Maswali yote mawili ni ya lazima. Jamii inayouliza la kwanza tu hujaza magereza. Jamii inayouliza la pili tu hujaza visingizio.

Muziki: kutoka bendi mpaka mtu mmoja

Katika muziki tunaona jinsi zana za kazi zinavyobadilisha nafasi ya mtu binafsi. Miaka ya 1960 na 1970 bendi zetu ziliitwa kwa majina ya miji au ya vyombo vya umma: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz iliyoanzishwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964, Vijana Jazz, na bendi za majeshi. Sababu haikuwa moyo wa umoja peke yake. Magitaa ya umeme, vikuza sauti na saksafoni vilikuwa ghali, na kijana mmoja hakuweza kuvinunua. Aliyekuwa na ala ndiye aliyekuwa na bendi, na wimbo ulirekodiwa Redio Tanzania. Hata Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979 na ambaye kipaji chake hakuna anayekibishia, alisikika kwa sababu nyuma yake walikuwapo wapigaji wengine.

Miaka ya 1990 zilianza redio binafsi, na kompyuta ikaingia katika studio. Sasa kijana mmoja aliweza kurekodi bila bendi. Hapo ndipo ulipokua muziki wa kizazi kipya, na majina ya bendi yakapisha majina ya watu. Joseph Mbilinyi wa Mbeya, maarufu kwa jina la Sugu, ni mmoja wa waanzilishi wake. Mwaka 2010 alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini.

Wazee wengi husema kwamba muziki huu umeleta ubinafsi. Tunaona kwamba wamegeuza sababu na matokeo. Maisha yalikuwa yamekwisha kubadilika. Kijana hakuajiriwa tena na shirika, alibaki na sauti yake, akaiuza. Na mara nyingi aliposema "mimi" alikuwa akisimulia ukosefu wa kazi wa vijana wote. Jambo la kulaumu ni uongo mmoja unaopita katika nyimbo nyingi, kwamba tajiri amejitengeneza peke yake. Mwimbaji hupandishwa na wanaomsikiliza, wanaolipa kiingilio na wanaoimba naye. Kijana wa Iyula akiuamini uongo huo, siku asipofanikiwa atajidharau, au atatafuta njia ya mkato. Na tumekwisha kuona njia za mkato huweza kufika wapi.

Elimu: anayekaa kwenye dawati

Shule ndipo mtu na jamii hukutana waziwazi. Jengo hujengwa na wengi. Shule za sekondari za kata, zilizoenea nchini kuanzia mwaka 2004, zilijengwa kwa fedha za serikali pamoja na nguvu za wananchi waliosomba mawe, mchanga na matofali. Lakini siku ya mtihani mtoto hukaa peke yake, na namba ya mtihani ni ya mtu mmoja. Jamii hujenga shule. Cheti huandikwa jina la mmoja.

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikusudia kupunguza pengo hilo kwa kumfundisha mwanafunzi kwamba elimu yake ni deni kwa waliobaki shambani. Lakini mahali pengi shamba la shule liligeuka kuwa adhabu, na mtoto asiyechaguliwa kuendelea aliitwa "aliyefeli", hata pale ambapo nafasi zenyewe zilikuwa chache kuliko watoto.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalitufumbua macho. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri, na mwaka 2013 serikali iliyafuta matokeo hayo ili yapangwe upya. Mtoto mmoja akishindwa, yawezekana kusema ni mvivu. Wakishindwa zaidi ya nusu ya nchi, uvivu si maelezo tena. Hapo hatuna budi kuuliza juu ya walimu, vitabu, lugha na njia ya kufundishia.

Vile vile, ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na ya kidato cha kwanza mpaka cha nne kuanzia mwaka 2016. Hatua hizi zimeondoa kikwazo kikubwa. Lakini mtoto ambaye wakati wa kuchuma kahawa huonekana shambani kuliko darasani bado hajafikiwa na hatua hizo kikamilifu.

Hitimisho

Tumeona kwamba mtu hatoki hewani. Hufanywa na malezi, kazi, bei, nyimbo na shule. Lakini jamii nayo haitoki hewani. Hufanywa na watu wanaoamua kila siku kununua au kutonunua, kusema au kunyamaza, kurusha jiwe au kuliweka chini. Kwa hiyo swali "kosa ni la nani?" halitoshi. Litokeapo kosa, kikao cha kijiji kiulize maswali matatu. Aliyetenda ni nani, na atajibuje kwa yule aliyemwumiza? Ni mambo gani yaliyomfikisha hapo, na ni nani anayefaidika nayo? Na sisi tuliopo kikaoni, ni lipi katika hayo tuliloliona tukanyamaza?

Chama cha ushirika kikiwa na fedha ya kumkopesha mwanachama mwezi wa Januari, mnunuzi wa kahawa mtini atakosa soko. Lakini ushirika hauna mikono yake. Una mikono ya viongozi na wanachama. Mhasibu akiiba na wanachama wasiulize hesabu, tutarudi pale pale, na mtoto mwingine ataonekana usiku katika shamba la jirani. Siku hiyo tusikimbilie methali. Tuanze kwa kuuliza daftari la hesabu lilisomwa lini mara ya mwisho.