Petroli ya Siku Moja Milimani

Ndugu zetu wa visiwani waendao Lushoto kwa pikipiki, kwa kazi au kwa matembezi, huichukua hesabu ya barabara tambarare za Unguja wakaipandisha nayo mlimani. Hapo ndipo wanapokosea. Lushoto hadi Mtae, kwenda na kurudi, ni kilomita zipatazo 130. Pikipiki iendayo kilomita 40 kwa lita moja kwenye lami, sisi huikadiria 25 tu katika njia za udongo, kwa sababu ya miinuko, tope na gia ndogo. Basi ni lita 5 na kitu. Tukiongeza theluthi ya akiba, zinatimia 7. Ofisa anayeidhinisha lita 4 kwa kutazama ramani amekwisha kumwagiza mtumishi wake aisukume pikipiki usiku, katika ukungu.