Nani Anakikagua Kifaa cha Mpima Ardhi?

Migogoro ya mipaka ya viwanja imepata sura mpya. Zamani jirani mmoja alidai kwamba bikoni imeng'olewa usiku, mwenzake akaapa kuwa haijaguswa. Siku hizi bikoni yaweza kuwa palepale ilipozikwa, zege lake halina hata ufa, lakini wapima wawili waliofika kwa nyakati tofauti, kila mmoja na kifaa cha bei kubwa, wanatoa majibu yanayopishana kwa sentimita 40, pengine kwa mita 3. Mwenye kiwanja anaambiwa kwamba kifaa kilikuwa na shida, na hapo mazungumzo yanaishia. Wapima wenyewe wanalalamika pia: kipokezi cha setilaiti kinachogoma saa nane mchana na kufanya kazi vizuri asubuhi yake, betri zinazokata kazi ikiwa katikati, fundi anayerudisha chombo akisema hakioni ugonjwa. Malalamiko hayo ni ya kweli, ila yanaelekezwa kwenye kasoro iliyo ndogo. Chombo kinachogoma humpotezea mpima siku moja. Cha kuogopwa zaidi ni chombo kinachoendelea kufanya kazi huku kikikosea, kwa sababu vifaa vya kisasa hukosea kimya kimya, nasi tumeziacha taratibu zilizokuwa zikiyafichua makosa ya namna hiyo.

Katika enzi za theodolaiti, chombo cha darubini cha kupimia pembe, na utepe wa chuma, kosa lilikuwa na njia ya kujitokeza. Mpima alianzia kwenye alama inayojulikana, akalizunguka eneo pembe kwa pembe, akarudi alikoanzia au akaishia kwenye alama nyingine inayojulikana. Hesabu isipofunga, alijua kwamba kosa lipo, na alijua ukubwa wake. Kila pembe ilisomwa mara mbili, darubini ikiwa upande wa kushoto kisha ikageuzwa upande wa kulia, ili kasoro za chombo chenyewe zifutane. Kazi ilichosha na ilichukua siku nyingi, hasa penye vichaka na minazi iliyozuia kuona mbali. Lakini mashaka ya kipimo yaliandikwa kwa wino ndani ya daftari la uwandani, na mpima mwingine angeweza kulifungua daftari hilo miaka 30 baadaye, akaona ni wapi mwenzake alikuwa na uhakika na wapi alibahatisha.

Kipokezi cha setilaiti hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. GPS ya simu hutoa mahali kwa kosa la mita kadhaa, kiwango kisichofaa kuwekea bikoni ya mjini. Kwa hiyo wapima hutumia mbinu iitwayo RTK: kipokezi kimoja kinakaa kwenye alama yenye kodineti zinazojulikana, kingine kinatembezwa, na cha kwanza hukitumia cha pili masahihisho kwa redio au kwa intaneti ya simu. Vijitabu vya watengenezaji huahidi kosa la milimita 8 kwa ulalo, pamoja na milimita 1 kwa kila kilomita kutoka kwenye kituo cha rejea, yaani kile kipokezi cha kwanza. Usahihi huo hupatikana kwa kuhesabu mawimbi ya redio yanayoshuka kutoka kwenye setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu yetu. Wimbi moja la masafa makuu ya GPS lina urefu wa sentimita 19, na kipokezi lazima kitambue ni mawimbi mazima mangapi yaliyopo kati yake na kila setilaiti. Kikiipata idadi hiyo, jibu ni la sentimita 1 au 2. Kikiikosa kwa wimbi moja tu kwa setilaiti kadhaa, jibu huhama kwa desimita, wakati mwingine kwa zaidi ya mita, na skrini huendelea kuonyesha sentimita 1 ileile. Watengenezaji wengi hutaja uhakika wa asilimia 99.9 kwamba idadi itakuwa sahihi. Tukubali takwimu hiyo kama ilivyo. Katika mradi wenye bikoni 4,000, asilimia 0.1 iliyobaki ni bikoni 4 zilizowekwa pasipo pake, na hakuna ajuaye ni zipi. Takwimu yenyewe ni ya mahali pa wazi penye anga pana, ilhali viwanja vyetu vina miembe, kuta, na mapaa ya mabati ambako mawimbi hugonga na kuruka kabla ya kufika kwenye antena. Pembe ya kiwanja, pale bikoni inapotakiwa, ndipo mara nyingi ukuta na mti vinapokuwa karibu zaidi.

Kuna kosa jingine ambalo ni rahisi zaidi kulifanya na ambalo madhara yake ni makubwa zaidi. Kipimo cha RTK husema tu umbali na mwelekeo kutoka kwenye kituo cha rejea. Mpima akikosa alama ya msingi iliyo karibu, akakiweka kipokezi chake mahali popote na kukiruhusu kijikadirie kodineti zake chenyewe, kila bikoni atakayoipima itahama pamoja na kosa la kituo hicho, pengine mita 3, pengine 5. Viwanja vyote vitakuwa na umbo sahihi na vipimo sahihi vya pande, na skrini itaonyesha sentimita 1 tangu asubuhi hadi jioni. Kosa litajulikana siku ambayo mtaa wa jirani utapimwa kutoka kwenye alama halisi, barabara mbili zikashindwa kukutana.

Kisha kuna anga yenyewe. Mawimbi ya setilaiti hupita katika ionosfea, tabaka la hewa yenye chembe za umeme ambalo huyachelewesha. Ikweta ya sumaku ya dunia inapita juu ya Ethiopia, na ionosfea huwa nzito zaidi katika mikanda miwili iliyo nyuzi 15 hivi kaskazini na kusini mwake. Mkanda wa kusini unaiangukia Tanzania. Unene wake huongezeka mchana na alasiri, na baada ya jua kutua huweza kuvurugika kwa ghafla, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba. Mambo huzidi jua linapofikia kilele cha mzunguko wake wa takribani miaka 11. Mashirika ya Marekani ya NASA na NOAA yalitangaza Oktoba 2024 kwamba jua limeingia kipindi hicho. Mwezi Mei mwaka huohuo dhoruba ya jua iliwasimamisha wakulima wa Marekani katikati ya msimu wa kupanda, kwa kuwa matrekta yao huongozwa kwa mbinu hiihii ya RTK. Kwa hiyo kipokezi kinachogoma alasiri na kupona asubuhi huenda hakina ubovu wowote, na fundi asiyeona ugonjwa anasema kweli. Mpima wa Dodoma au Tabora anafanya kazi chini ya anga ngumu kuliko ile ya nchi za kaskazini ambako vifaa vingi hubuniwa na kujaribiwa, na anastahili kuelezwa hivyo na anayemuuzia.

Totali stesheni, chombo kinachosoma pembe na umbali kwa mwanga, kinaaminika zaidi kwa sababu hakitegemei anga. Nacho kina njia zake za kukosea. Prizma za watengenezaji tofauti, zinazourudisha mwanga huo kwenye chombo, hazifanani. Tofauti ya kipimo kati ya aina moja na nyingine yaweza kufikia milimita 30 na zaidi, na chombo lazima kiambiwe ni ipi inayotumika. Mpima akiazima prizma na kusahau kubadili namba hiyo, kila upande wa kiwanja utakosewa kwa sentimita 3. Kosa hili ni baya kwa namna ya pekee, kwa kuwa kwenye kiwanja cha mraba hata ule mzunguko wa zamani unaorudi ulikoanzia utafunga vizuri na kulificha. Hewa nayo ina sehemu yake. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na shinikizo la hewa pale ni karibu hektopaskali 860 badala ya 1,013 ambazo vifaa vingi huzichukua kuwa ndiyo kawaida. Chombo kikiachwa bila kurekebishwa, umbali utasomeka mfupi kwa takribani sentimita 4 kwa kila kilomita. Kwa kiwanja cha mita 30 hilo si kitu, lakini kwa barabara au kwa mtandao wa alama za msingi ni kosa litakalorithiwa na kila atakayefuata.

Kwa upande wetu wa Afrika mkanganyiko huongezwa na urithi wa ramani. Ramani za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia mfumo wa dunia nzima. Nukta ileile ina kodineti zinazotofautiana kwa karibu mita 300 kati ya mifumo hiyo miwili, sehemu kubwa ikiwa kaskazini na kusini. Kosa la mita 300 halina hatari sana kwa sababu kila mtu ataliona. Hatari iko kwenye ugeuzaji wa nusunusu. Vigezo vya jumla vilivyochapishwa, ambavyo vimo ndani ya vifaa na programu nyingi, vina shaka ya mita 20 kwa kila mhimili. Vinafaa kwa ramani ya msafiri, si kwa hati ya kiwanja. Anayevitumia atapata jibu linaloelekea kuwa sahihi, liko mtaa uleule, pengine ndani ya kiwanja kilekile, lakini si pembe ileile. Dawa yake ni kuzitafuta alama za msingi za zamani zilizo karibu na kuzipima upya, kazi inayotaka miguu na subira.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni makosa ya watu: mpima aliyefunzwa vizuri hawezi kusahau prizma wala kukipa kituo cha rejea kodineti za kukisia. Wana haki kwa kiasi. Lakini chombo kinachouzwa kwa sifa kwamba yeyote aweza kukitumia baada ya mafunzo mafupi hakiwezi kuachiwa kukwepa lawama kosa linapotokea. Theodolaiti ilimlazimisha mtu kuielewa kabla haijampa jibu lolote. Kipokezi cha leo humpa jibu lenye tarakimu 3 baada ya nukta hata yule asiyejua limetoka wapi, na tarakimu hizo humnyamazisha mteja, afisa ardhi, na mara nyingine hata hakimu.

Hoja nzito zaidi ni kwamba usahihi wa sentimita ni anasa. Kati ya 2009 na 2013 Rwanda iliandikisha vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 kwa kutumia picha za angani na wananchi wenyewe walioonyesha mipaka yao, na huko Iringa hati za hakimiliki ya kimila zimeandaliwa kwa kutumia simu za mkononi. Naziheshimu kazi hizo. Zilifaulu kwa sababu ziliungama kiasi cha kosa lake tangu mwanzo, na zilikuwa na hakikisho lisilotegemea chombo: majirani waliosimama mpakani pamoja na kukubaliana. Kinachoumiza ni kulipia sentimita 2 na kupewa mita 2 iliyoandikwa kana kwamba ni sentimita 2, mjini ambako mita 2 ni uchochoro mzima wa gari na ukuta umeshajengwa juu yake.

Inabaki hoja ya gharama, kwamba kupima mara mbili kutaongeza bei ya huduma ambayo tayari inawashinda wengi. Ukweli ni kwamba ukaguzi mwingi ni wa bei ndogo sana. Kupima alama inayojulikana asubuhi kabla ya kuanza na jioni kabla ya kufunga huchukua dakika chache, na hufichua kituo cha rejea kilichokosewa. Kuirudia kila bikoni baada ya saa moja au mbili, setilaiti zikiwa zimebadilika mahali na kipokezi kikiwa kimeanzishwa upya, hufichua idadi ya mawimbi iliyokosewa. Viwango vya kimataifa vya ISO 17123 vimeweka majaribio ya uwandani ya vifaa hivi ambayo mpima anaweza kuyafanya bila maabara. Yanayokosekana ni masharti. Mteja hupewa orodha ya kodineti na ramani safi, wala haulizi vilipimwa mara ngapi, vilitofautiana kwa kiasi gani, na mafaili ya awali ya chombo yamehifadhiwa wapi. Mamlaka zinazopokea ramani za upimaji zingeweza kulitaka daftari hilo la kidijitali kwa kila kazi, kama zamani lilivyotakiwa la wino, na kurudisha ramani yoyote ambayo kila nukta yake ilipimwa mara moja tu.

Wakati hilo likisubiriwa, anayenunua kiwanja anaweza kudai jambo moja ambalo halihitaji setilaiti. Amtake mpima aandike kwenye karatasi urefu wa kila upande kati ya bikoni na bikoni, kisha wanyooshe pamoja utepe wa chuma juu ya ardhi. Utepe hautamwambia kama kiwanja kizima kimehama, na ndiyo maana alama ya msingi haiepukiki. Lakini ramani ikisema mita 30.00 na utepe ukasoma 29.60, mpima arudi na chombo chake kabla fundi hajachimba msingi.