Homoni za Mimea: Je, "Kichocheo" Chatosha?

Watafsiri wengi wa vijitabu vya kilimo huiita homoni ya mmea "kichocheo". Neno hilo laifaa auksini, ambayo hurefusha shina. Lakini tukilipeleka kwa mkulima wa mtama kule Kenyamonta, wilayani Serengeti, litampotosha.

Mtama ukikosa fosforasi au naitrojeni katika udongo uliochoka, mizizi yake hutoa kwa wingi kemikali ziitwazo strigolaktoni. Ndani ya mmea, kemikali hizo huyazuia machipukizi ya pembeni yasitawi. Kazi hiyo ilibainishwa mwaka 2008. Nje, udongoni, huwaita kuvu wanaousaidia mzizi kupata fosforasi. Kwa bahati mbaya wito huo hupokewa pia na mbegu za kiduha, ambazo huweza kulala ardhini miaka mingi. Nazo huota, zikajishikiza mzizini na kuunyonya mtama. Asidi absisiki nayo, wakati wa ukame, huyafumba matundu ya majani ili maji yasipotee. Hapo pana uchocheaji gani?

Akisikia "kichocheo", mkulima atadhani ni mbolea, pengine aulize yauzwa wapi. Tena wanakemia wamekwisha kulichukua neno hilo kwa kitu kiharakishacho mmenyuko.

Twapendekeza neno "homoni" libaki kwa kemikali iongozayo mwili wa mmea wenyewe, na "ishara ya kikemia" litumike kwa ile imfikiayo kiumbe mwingine. Strigolaktoni yastahili majina yote mawili; mfasiri atazame kwanza kama sentensi yake yahusu mmea wenyewe au udongo.