Kuchagua Mtaa kwa Ajili ya Shule

Katika nchi yetu ya Uganda mzazi akitaka shule nzuri kwa ajili ya mtoto wake, aghalabu hahami nyumba yake. Hununua godoro, sanduku la bati, ndoo na sabuni, akampandisha mtoto katika basi, naye mtoto akaenda kulala shuleni mpaka likizo. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyofika hapa. Mmoja ametoka Arua, mwingine Kabale, mwingine Mbale, na sote twala posho na maharage ya sufuria moja. Kwetu sisi nyumbani ni mahali pamoja, na shule ni mahali pengine.

Lakini ziko nchi ambako mambo hayaendi hivyo, na moja katika hizo ni Marekani. Huko watoto walio wengi husoma katika shule za serikali za kutwa, wala hawalipi ada. Asubuhi huenda kwa miguu au kwa basi la shule, na alasiri hurudi kwao. Tena mara nyingi mzazi hachagui shule kwa kupenda kwake; shule huchaguliwa na anwani ya nyumba. Ukikaa upande huu wa barabara, mtoto wako ataandikwa katika shule hii. Ukikaa upande wa pili, ataandikwa katika shule nyingine. Kwa hiyo mtu anapotafuta nyumba ya kupanga au kununua, swali lake la kwanza huwa ni hili: Je, shule ya mtaa huu ikoje?

Nimeona yafaa kulieleza jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, wako waliotutangulia katika shule hii ambao sasa wanaishi ng'ambo pamoja na watoto wao. Wako pia maelfu ya ndugu zetu wa Kongo, wasemao Kiswahili, waliotoka katika makambi ya wakimbizi ya Uganda na Tanzania wakapelekwa kukaa katika miji ya Marekani. Hao wote hukutana na swali hili mara wafikapo. Pili, hata hapa kwetu, tangu serikali ilipoanzisha elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, na ya sekondari mwaka 2007, watoto wengi husoma karibu na kwao. Basi shida za wenzetu zaweza kutufundisha neno.

Kwanza yatupasa kujua jinsi mpango wenyewe ulivyo. Marekani imegawanywa katika wilaya za shule zaidi ya 13,000. Jimbo la Hawaii lina wilaya moja tu kwa visiwa vyake vyote, lakini majimbo mengine yana mamia. Wilaya nyingi zina bodi yake iliyochaguliwa kwa kura na wenyeji, na bodi hiyo ndiyo inayomwajiri mkuu wa elimu, kupanga matumizi ya fedha na kuweka mipaka ya kila shule. Fedha hutoka mahali patatu: serikali kuu ya taifa hutoa sehemu ndogo, kiasi cha moja ya kumi au pungufu, zilizobaki hutolewa na jimbo na wenyeji wa wilaya, kwa sehemu zinazokaribiana. Na zile za wenyeji, nyingi hutokana na kodi ya nyumba na ardhi.

Hapo ndipo penye fundo la mambo. Kama nyumba za wilaya zina thamani kubwa, kodi ndogo tu huleta fedha nyingi. Kama nyumba ni duni, watu waweza kujitoza kodi kubwa na bado wakapata fedha kidogo. Jambo hili lilidhihirika katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas. Mwaka 1968 mzazi mmoja, Demetrio Rodriguez, pamoja na wazazi wenzake wa wilaya ya Edgewood, wengi wao wakiwa watu wenye asili ya Meksiko, walipeleka mashtaka mahakamani. Walionyesha kwamba wao walijitoza kodi ya dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya nyumba, na jirani zao matajiri wa wilaya ya Alamo Heights walijitoza senti 85 tu. Hata hivyo katika mwaka wa masomo wa 1967–68 kodi hiyo ya wenyeji iliwapatia watu wa Edgewood dola 26 kwa kila mtoto, na watu wa Alamo Heights dola 333. Hata baada ya kuongeza fedha za jimbo na za taifa, mtoto wa Edgewood alitumiwa dola 356, na wa Alamo Heights dola 594. Fikirini: aliyejikamua zaidi ndiye aliyepata kidogo!

Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia wazazi wale, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikisema kwamba katiba ya taifa haikuvunjwa. Miaka 16 baadaye, mwaka 1989, mahakama ya juu ya jimbo la Texas lenyewe iliamua kwamba mpango ule wa fedha ulivunja katiba ya jimbo. Katika majimbo mengi pia sheria zimebadilishwa ili serikali ya jimbo isaidie wilaya maskini. Tofauti zimepungua, lakini hazikwisha.

Sasa tazameni jinsi bei ya nyumba inavyofuata shule. Mwaka 1999 mtaalamu wa uchumi, Sandra Black, alichapisha uchunguzi wake juu ya nyumba za vitongoji vya Boston. Alilinganisha nyumba zilizo karibu na mpaka wa shule, huku na huku, ambazo zilifanana kwa mengine yote ila watoto wake walikwenda shule mbalimbali. Aliona kwamba alama za mtihani za shule zikizidi kwa 5 katika 100, wazazi walikuwa tayari kulipa kiasi cha 2.5 katika 100 zaidi kwa nyumba. Maana yake, shule husemwa kuwa ni ya bure, lakini ada yake imefichwa ndani ya bei ya nyumba. Mpangaji naye hulipa, kwa kuwa mwenye nyumba huitia ada hiyo katika kodi ya kila mwezi.

Asiyeweza kulipa hukaa nje ya mpaka. Mama mmoja wa Akron, jimbo la Ohio, aliwaandikisha binti zake wawili katika shule za wilaya jirani kwa kutumia anwani ya babu yao. Wakuu wa wilaya hiyo walimfuatilia, akashtakiwa, na mwezi wa Januari 2011 alikaa gerezani siku 9. Baadaye gavana wa jimbo alilipunguza kosa lake kuwa dogo. Twaona basi kwamba mstari ule uliochorwa katika ramani si mchezo.

Mistari hiyo ina historia yake. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilikataza shule za serikali kuwatenga watoto weusi na weupe. Lakini mitaa ilikuwa imekwisha tengwa kwa desturi, kwa mikataba ya nyumba, na kwa ramani za mikopo za miaka ya 1930, ambazo zilipaka rangi nyekundu mitaa ya watu weusi na kuihesabu kuwa ni ya hatari. Sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba ilipitishwa mwaka 1968. Kisha mwaka 1974, katika kesi ya mji wa Detroit, mahakama ile ile iliamua kwamba wilaya za pembeni hazilazimiki kuchanganya watoto wao na wa mjini, isipokuwa ithibitishwe kwamba zilishiriki katika ubaguzi. Kwa hiyo wazazi wenye fedha waliohamia pembeni waliacha nyuma yao mji wenye watoto wengi na kodi kidogo.

Baada ya kujua hayo, mzazi achague namna gani? Wengi hutazama alama tu. Siku hizi matangazo ya nyumba huko huonyesha hata nambari ya shule, toka 1 mpaka 10, kana kwamba shule ni kiatu. Lakini wazee walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Alama za juu mara nyingi hutuambia kwamba wazazi wa shule ile wana mali na elimu. Hazituambii sana kama walimu wafundisha vema. Kipimo kilicho bora ni kuuliza watoto waliongezeka kiasi gani tangu walipoingia. Mwaka 2017 Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kwamba katika shule za Chicago, ambazo watu wengi walizidharau kwa alama zake za chini, watoto walipata maendeleo ya miaka 6 ndani ya miaka 5, toka darasa la tatu mpaka la nane. Mzazi aliyetazama alama tu angaliukimbia mji ule.

Jambo la pili la kutazama ni majirani wenyewe. Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni maneno ya kupendeza tu, lakini yamepimwa. Kuanzia mwaka 1994 serikali ya Marekani ilipiga kura ya bahati nasibu kati ya jamaa maskini wa miji mitano: Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Waliopata walipewa hati ya kuwasaidia kodi ya nyumba, ili wahamie mitaa isiyo na umaskini mwingi. Mwaka 2016 Raj Chetty na wenzake walichapisha matokeo. Watoto waliohama kabla hawajatimiza miaka 13, walipokuwa watu wazima walipata mshahara uliozidi kwa kiasi cha 31 katika 100 kuliko wenzao waliokosa hati. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo. Tena mwaka 2022 Chetty na wenzake walionyesha kwamba mahali ambapo maskini na wenye nafasi hufanya urafiki, watoto maskini huinuka zaidi. Haitoshi basi kukaa karibu na tajiri mwenye ukuta mrefu; faida iko katika kujuana.

Kwa hiyo, kwa ndugu yeyote mwenye kutafuta mtaa, ama huko ng'ambo ama hapa kwetu, nadhani mambo haya yafaa:

Kwanza, ulizia mpaka wa shule katika ofisi ya wilaya yenyewe, wala usitegemee neno la dalali. Mipaka hubadilishwa mara kwa mara.

Pili, uliza walimu wanakaa miaka mingapi katika shule hiyo. Shule ambayo walimu wake hubadilika kila mwaka ina tatizo, hata kama jengo lake lapendeza.

Tatu, nenda saa ya kutoka shule ukasimame mlangoni. Angalia kama watoto hutembea kwa usalama, kama wazazi husemezana, na kama mwalimu humjua mtoto kwa jina lake.

Nne, hudhuria mkutano wa bodi au wa wazazi. Huko Marekani mikutano ya bodi huwa ya wazi kwa watu wote. Mtaa ambao watu wake hubishana juu ya shule yao ni afadhali kuliko ule ambao hakuna anayefika.

Tano, piga hesabu ya nyumba yote. Baba na mama wakifanya kazi usiku na mchana ili kulipa kodi ya mtaa wenye sifa, nani atamwuliza mtoto jioni amejifunza nini? Shule yaweza kuwa bora, na nyumba ikawa tupu.

Wako watakaosema kwamba kila mzazi ana haki ya kumtafutia mtoto wake lililo jema, na kwamba si kazi yake kuitengeneza shule ya mtaa aliouacha. Neno hilo lina haki ndani yake, wala simlaumu mzazi hata mmoja. Mtoto ana utoto mmoja tu, hawezi kungojea mpaka mahakama na bunge wamalize shauri. Lakini hatuna budi kuona pia kwamba kila ahamaye huondoka na kodi yake, kura yake na sauti yake katika mkutano, na shule anayoiacha hupungukiwa kwa hayo matatu. Kama wote wenye nguvu watahama, mpaka utazidi kuwa ukuta.

Hapa kwetu bado tuna nafasi. Shule zetu za msingi zina kamati za usimamizi, na wazazi wana viti ndani yake, lakini mara nyingi viti hivyo havina watu. Wanafunzi wa zamani, ninyi mlio na kazi na mishahara, mwaweza kuwa mmewapeleka watoto wenu katika shule za bweni zilizo mbali, nasi hatuwezi kuwahesabia kosa. Lakini shule ya mtaa mnaokaa ni shule yenu vilevile. Ingieni siku moja, mwulize mwalimu mkuu kamati itakutana lini, kisha mfike.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita