Mjukuu na L Iliyodondoka

Waganda humwita omuzzukulu, Wanyarwanda umwuzukuru, Washona muzukuru, Wazulu umzukulu. Sisi tunasema mjukuu, na ukiliweka neno letu kando ya hayo mengine utaona lina pengo mwishoni: penye l au r ya wenzetu, sisi tuna u mbili zinazofuatana.

Pengo hilo halikutokea kwa bahati. Mbingu kwa Kizulu ni izulu, kwa Kinyarwanda ijuru. Kwetu imebaki juu. Khulu ya Kizulu, yaani kubwa, ndiyo kuu iliyomo katika mkuu na sikukuu. Imvula na imvura ni mvua. Indlala na inzara ni njaa. Sauti ikianza kudondoka hudondoka kwa mpangilio, katika neno baada ya neno, bila kujali maana. Kwa kulinganisha mipangilio ya namna hii, wanaisimu Carl Meinhof, mwaka 1899, na baadaye Malcolm Guthrie, waliunda upya maneno ya lugha mama ya Kibantu, iliyosemwa yapata miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita kwenye eneo la mpaka wa Nigeria na Kameruni wa leo. Lugha hiyo haikuacha hata mstari mmoja wa maandishi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, hata hivyo, umo vinywani mwetu. Nunua huzaa nunulia, chukua huzaa chukulia. Na zaa yenyewe? Zalia. L hiyo haikuchomekwa ili kurahisisha matamshi. Ni ile ile ya zamani, ambayo Waganda wanayo hadi leo katika okuzaala na Wazulu katika ukuzala. Ndiyo maana uzao hauna l ilhali mzaliwa anayo, ingawa shina ni moja. Mjukuu hakuwa na kitenzi cha kumhifadhia yake, tukalazimika kuwauliza majirani.

Maana nayo haikutulia. Muzukuru wa Washona ni mjukuu, lakini pia ni mtoto wa dada, ambaye sisi tunamwita mpwa. Kwa upande wetu tumeshuka chini zaidi: kitukuu, kilembwe, kining'ina. Na tulipotaka neno la kuwakusanya wote kwa mkupuo, tuliazima kwa Waarabu dhuria, ambalo siku hizi husikika zaidi kwenye dua za harusi kuliko katika mazungumzo ya kila siku.