Neno "Beat" na Ndugu Zake

Wasomaji wengi wa gazeti letu hudhani kuwa neno la Kiingereza "beat" maana yake ni piga, basi, yamekwisha. Mimi nami nilidhani hivyo nilipokuwa Kidato cha Pili, na kosa langu lilimrudisha mwenzangu nyumbani kwa majuma mawili. Kwa hiyo naomba nafasi katika kurasa hizi nieleze habari za neno hilo.

Mambo yalikuwa hivi. Jioni moja tulikuwa katika foleni ya chakula, nami nimeshika sahani ya ugali na maharagwe. Mvulana wa bweni jingine alinipiga kikumbo, sahani ikaanguka, nami nikaifuata nikachubuka kiwiko. Tuliambiwa tuandike maelezo kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi. Kichwani mwangu maneno yalikuwa ya Kiswahili: "Alinipiga kikumbo." Nikatafuta piga, nikapata "beat". Kikumbo sikukipata, nikakiacha. Nikaandika: "He beat me in the queue and I fell down." Kisha, ili karatasi ipendeze, nikaongeza "assaulted", neno nililolisikia katika taarifa ya habari. Mwenzangu Kiingereza chake kilikuwa kidogo kuliko changu. Aliandika mistari miwili tu.

Sasa tazama kosa lilipo. Katika Kiswahili, piga ni mtumishi wa nyumba zote. Twapiga simu, twapiga pasi, twapiga hodi, twapiga magoti, twapiga chafya, wala hapana mtu anayeumia. Jina linalofuata ndilo hubeba maana: kofi, ngumi, teke, kikumbo. Waingereza hufanya kinyume. Kila pigo wamelipa kitendo chake: kofi ni "slap", ngumi ni "punch", teke ni "kick". Basi ukilitupa jina ukashika piga peke yake, kisha ukaliita "beat", umekwisha kumshtaki mtu kwa jambo jingine kabisa.

Maana "beat" ni pigo juu ya pigo. Ni neno la kale sana, Waingereza walikuwa nalo kabla Wanormani hawajaiteka nchi yao mwaka 1066. Ndiyo sababu husemwa kwa moyo unaodunda, kwa ngoma, na kwa mayai yanayopigwa katika bakuli: vyote ni vya kurudia-rudia. (Husemwa pia kwa timu iliyoshinda, hapo hapana aliyeumizwa ila kipa.) "Hit" si hivyo. Lilitoka kwa watu wa kaskazini, nalo asili yake ni kukuta au kukutana na kitu. Kwa hiyo pigo moja latosha, hata lisilokusudiwa, kama mpira unaompata mtu aliyesimama kando ya kiwanja. "Strike" ni pigo moja la nguvu, na ni neno hilo hilo linalosemwa kwa radi na kwa mgomo wa wafanyakazi.

"Batter" laonekana kama mtoto wa "beat", lakini sivyo. Lilipitia Ufaransa kutoka Kilatini. Ni kupiga mpaka kitu kipondeke. Ndugu yake ni "battery", ambalo sisi twalijua kwa betri ya tochi. Zamani lilikuwa jina la mizinga iliyopangwa pamoja ili kubomoa kuta, na katika karne ya 18 Benjamin Franklin wa Marekani akalitumia kwa vyombo vya umeme alivyoviunganisha. Nasi tuna mambo kama hayo: kiboko ni mnyama wa mtoni, kisha ni mjeledi wa ngozi yake, na leo hata kijiti cha mpera chaitwa kiboko.

Lakini neno lililonitia hofu ni "assault". Asili yake ni Kilatini, kumrukia mtu. Katika sheria ya Uingereza, ukimtisha mtu hata aone kuwa utampiga sasa hivi, hiyo ni "assault", ingawa hukumgusa. Kumgusa kwenyewe ndiko "battery". Hapa Tanzania, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hutenga shambulio la kawaida na shambulio la kudhuru mwili, na hili la pili kifungo chake chaweza kufika miaka 5. Nilipoyasoma hayo katika maktaba, nikiwa Kidato cha Tatu, nilifunga kitabu. Neno nililolitia kama pambo lilikuwa neno la mahakamani.

Nilimkumbuka mama yake. Siku ya kumrudisha alikuja naye kwa basi, akasimama nje ya ofisi tangu saa mbili mpaka saa sita, mkoba mkononi, akimwamkia kila mwalimu aliyepita.

Basi nilimwendea mwenzangu na daftari langu. Nilikuwa nimeandika upya: "He shoved me." Alisoma, akatikisa kichwa.

"Hata hilo sivyo," akasema. "Kusukuma kwa kusudi mimi sikusukuma. Nami nilisukumwa na wa nyuma."

"Mbona hukuandika hivyo?"

"Kwa Kiingereza gani?"

Tukafungua kamusi pamoja, tukatafuta kwa muda, maana yeye hakukubali upesi. "Push" alilikataa. "Knock down" alilikataa. Mwishowe tukafika "bump into", ambalo husemwa kwa watu wawili waliogongana bila kutaka. Akachukua kalamu yangu, akapiga mstari juu ya "shoved", akaandika "bumped into" kwa mwandiko wake mwenyewe. Kesho yake niliipeleka karatasi hiyo kwa mwalimu wa nidhamu, nikamwomba iwekwe katika faili pamoja na ile ya kwanza. Aliisoma mara mbili, akatafuta pini, akaibana juu.